Sitara ya usiku na bwawa lisilo na mwokoaji

Shaabani haijafika nusu, na tayari akina mama wa jamaa yetu wanatuuliza safari ya Idi mwaka huu itakuwa wapi. Kabla ya kuwajibu tuna deni la maelezo juu ya safari iliyopita, kwani yaliyotokea yanasimuliwa vibarazani kwa namna nyingi, na baadhi yake humbebesha lawama asiyestahili.

Tulikwenda familia ishirini na tatu, tukalala siku mbili katika hoteli moja ya ufukweni, kaskazini ya Dar es Salaam. Akina mama walikuwa na ombi moja, nalo ni la haki: wapate nao muda wa kuogelea pasipo macho ya wanaume. Mchana bwawa lilijaa wageni wa kila aina. Basi tukauandikia uongozi wa hoteli kwamba kuanzia saa tatu usiku hadi saa tano bwawa liwe la wanawake na watoto, na wafanyakazi wote wanaume waondoke eneo lile. Hoteli ikakubali. Mapazia yakatundikwa, taa zikapunguzwa, nasi tukakaa upande wa pili na watoto wa kiume, tumeridhika kwamba amana imetimizwa.

Mwokoaji wa bwawa alikuwa mwanamume. Kwa agizo letu, naye akaondoka.

Binti wa miaka minane akateleza upande wa kina kirefu. Akina mama zaidi ya kumi walikuwa wameketi hatua chache kutoka pale wakizungumza, wala hakuna aliyesikia kitu. Aliyemwona ni bibi yake, aliyekuja kumwita akalale. Bibi hajui kuogelea; alichoweza ni kupiga ukelele. Mke mmoja kijana, mzaliwa wa Nungwi, akajitosa na dera lake na kumtoa. Alhamdulillahi, mtoto alikohoa, akalazwa usiku mmoja hospitalini, na leo yuko madrasa na wenzake.

Wapo wanaosema akina mama walizama katika soga. Wapo wanaoilaumu hoteli. Sisi tunasema kalamu iliyomwondoa mwokoaji ilikuwa ya kamati, na aliyeishika ni katibu anayeandika safu hii. Tulifikiria pazia, hatukufikiria maji.

Hao wanaowalaumu akina mama wajue kwamba mtu anayezama hapigi kelele. Mdomo wake hushuka chini ya maji na kuibuka kwa nukta chache tu, hazitoshi kuvuta pumzi, seuze kuita. Mikono haipungi, huyakandamiza maji ubavuni ili kichwa kipande. Kwa aliye kando huonekana kama anacheza, na kabla ya dakika moja kwisha huwa ameshakwenda chini. Ndiyo maana mwokoaji hulipwa kuangalia, si kusikiliza. Usiku hata kuangalia kwenyewe ni kugumu, kwa kuwa mwanga wa taa hung'aa juu ya maji na kuificha sakafu ya bwawa, hasa pale taa za ndani ya maji zisipowashwa. Na sisi tulikuwa tumeomba taa zipunguzwe!

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Tuliosoma chuoni kwamba kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio matano ya sharia hatuna udhuru wa kuipita hesabu hiyo haraka.

Kuna ndugu aliyetuuliza iwapo inajuzu mwanamume asiye maharimu kumtoa mwanamke majini. Tunamjibu kwamba mafakihi wameandika juu ya anayeswali swala ya faradhi, akamwona mtu anazama naye ana uwezo wa kumwokoa: huikata swala yake akamwokoe. Ikiwa swala yenyewe hukatwa, pazia litakuwa na hoja gani?

Wengine katika kamati walipendekeza tufute kuogelea kabisa. Hatukuafikiana nao. Mtoto aliyekatazwa bwawa lenye mlinzi atakwenda baharini pasipo mlinzi, na huku pwani tunao wanawake wengi waliozaliwa na kuzeeka wakilisikia wimbi, nao hawawezi kuelea. Huko Nungwi mradi wa Panje umewafundisha mabinti kuogelea na kuokoa, wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima. Na mbali kabisa na kwetu, mjini Sydney, baada ya vurugu za ufukwe wa Cronulla mwaka 2005, waokoaji wa pwani waliwaalika vijana wa Kiislamu wajifunze kazi hiyo. Mwaka 2007 binti mmoja, Mecca Laalaa, alihitimu kuwa mwokoaji akiwa amevaa burkini iliyobuniwa na Muislamu mwenzake wa huko, Aheda Zanetti. Kwa hiyo sitara na usalama vinaweza kukaa katika mwili mmoja, ila lazima mtu afundishwe.

Nguo nazo zina lao. Dera la pamba likilowa huwa mzigo; yule mke kijana alitueleza kwamba lilikaribia kumrudisha chini. Nywele ndefu zifungwe, kwani tundu la kunyonyea maji chini ya bwawa huweza kuzinasa. Jambo jingine tuliloliona usiku ule: mtoto alipotolewa, mmoja wetu alitaka kumning'iniza miguu juu ili maji yamwagike. Hilo hupoteza muda. Aliyeacha kupumua hulazwa chali, akapuliziwa pumzi kwanza, kisha kifua kikabanwa, huku mwingine akiita msaada.

Barua ya mwaka huu tumeiandika upya. Tumeuliza, kabla ya bei ya vyumba, kama yupo mwokoaji mwanamke na zamu yake huanza na kwisha lini. Hoteli tuliyoichagua imejibu kwamba yupo mmoja, wa zamu ya asubuhi tu. Basi saa za akina mama zitakuwa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu, jua likiwa juu, na wanaume watakuwa katika darsa ukumbini. Usiku bwawa litafungwa kwa jamaa yetu yote, wanaume kwa wanawake.

Aidha, tumempata mwalimu mwanamke wa kufundisha kuogelea na kuokoa. Nafasi ni sita, kwa akina dada waliotimiza miaka 18. Majina yapelekwe kwa kiongozi wa akina mama baada ya swala ya Ijumaa. La kwanza limeshaandikwa: ni la yule mke wa Nungwi. La pili ni la mama wa binti.