Orodha ya Jeni Si Ugunduzi Bado

Husemwa siku hizi kwamba kompyuta imegundua jeni za saratani. Kauli hiyo yahitaji kupimwa. Kinachofanyika ni kuhesabu nakala zinazotolewa na kila jeni katika seli za uvimbe, na kuzilinganisha na zile za seli zenye afya, au za wagonjwa waliopona na za waliofariki. Kisha kompyuta hutoa orodha ya jeni zinazotofautiana. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zenye kuunda protini. Kipimo kinachokosea mara 5 katika kila 100 kitazishuku jeni 1,000 hata pale ambapo hakuna hata moja inayohusika. (Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa sarafu: wanafunzi 32 wakirusha mara 5 kila mmoja, yatarajiwa kwamba mmoja hivi atapata kichwa mara zote, naye hana kipaji chochote.)

Mwaka 2011 David Venet na wenzake wawili wa Brussels walilitia jambo hili katika mizani. Walichukua orodha ya jeni zilizobadilika katika damu ya watu waliocheka baada ya mlo, wakaitumia kubashiri hatima ya wagonjwa wa saratani ya matiti. Orodha ya kicheko ikafaulu! Orodha zilizookotwa kwa nasibu nazo zikafaulu: kati ya zile zenye jeni zaidi ya 100, zaidi ya tisa katika kila kumi. Na kati ya orodha 47 zilizokwisha kutangazwa na wataalamu, zaidi ya nusu hazikuzishinda za nasibu kwa tofauti ya kutegemewa. Sababu ni kwamba uvimbe unaokua upesi hubadilisha jeni maelfu kwa pamoja, kila moja ikifuata kasi ya kugawanyika kwa seli. Atakayechota gao lolote atakuta humo alama ya kasi hiyo. Jeni hizo zaonyesha kwamba moto unawaka, wala hazisemi nani aliyeuwasha.

Hata hivyo, kompyuta si ya kutupwa. Mwaka 2005 Scott Tomlins, Arul Chinnaiyan na wenzao, huko Michigan, Marekani, waliuliza swali jingine kuhusu saratani ya tezi dume. Waliacha wastani, wakatafuta jeni zilizopanda mno kwa baadhi tu ya wagonjwa. Zikajitokeza ERG na ETV1. Hawakuishia hapo: maabarani walisoma nakala zenyewe, wakakuta kipande cha jeni nyingine, TMPRSS2, ambayo huamriwa na homoni za kiume, kimeunganishwa na jeni hizo. Huo ndio ugunduzi.

Muungano wa TMPRSS2 na ERG hupatikana kwa karibu nusu ya wagonjwa wenye asili ya Ulaya, lakini kwa wenye asili ya Afrika ni haba zaidi. Kwa hiyo orodha iliyotengenezwa kwa uvimbe wa Wazungu haiwezi kuazimwa na hospitali za Afrika Mashariki kama dawa ya chupani; uvimbe wa wagonjwa wa huku hauna budi kupimwa wenyewe.