Kaburi la babu halihitaji marumaru

Wewe uliye Nairobi au Mombasa, siku utakapopigiwa simu kwamba babu ameaga huko Ndera, usikimbilie kuchangisha pesa za marumaru. Najua kikundi cha WhatsApp kitakuwa kinawaka. Lakini kwani babu aliomba vigae?

Wapokomo Waislamu wa Ndera huzika kama Waislamu wengine: maiti huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa, na ikiwezekana huzikwa siku hiyo hiyo. Hakuna fomalini, hakuna sanduku. Jeneza la msikitini hubeba tu, kisha hurudi. Mwili unakuwa udongo. Ng'ambo watu wanalipia mazishi ya namna hii wakiyaita ya kijani. Sisi tunayaona ya kishamba!

Na wewe Mkristo wa Ngao unayesema sanduku ni lazima, sawa, ila si lazima liwe la mbao. Wangari Maathai alipofariki Septemba 2011, jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na gugumaji, maana hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Mwili ulichomwa Kariokor. (Habari ya kuchoma tuiache, wazee watakufukuza.) Wasukaji wa mikeka tunao Tana River, waulize.

Basi zile pesa za marumaru? Mto Tana ulifurika mwishoni mwa 2023, ukafurika tena 2024. Mashamba ya kando ya mto yalizama. Mtumieni nyanya anunue mbegu.