Mikrobi ya tumbo, unene na sukari: Kavumu wanauliza

Wandugu wa Kavumu wanatuuliza tena na tena: mama ni mnene, tumbo linamuwaka kila usiku, sukari nayo inapanda. Je, ni mikrobi moja inayoleta yote?

Mikrobi hiyo inaitwa Helikobakta pilori. Barry Marshall na Robin Warren waliigundua Australia mwaka 1982, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwetu Afrika watu wengi wanayo, maana inaingia utotoni, mahali watu wamebanana na maji si safi. Wengi hawasikii kitu. Lakini inachokoza utando wa tumbo miaka na miaka, na watafiti wengi wanafikiri uchokozi huo unasumbua kazi ya insulini. Kwa watu wanene mara nyingi mambo hayo mawili yamekutwa pamoja. Kwamba moja limezaa lingine, wataalamu bado wanabishana. Tena kuna wagonjwa ambao, mikrobi ikishakufa, hamu ya bugali inarudi na kilo zinaongezeka!

Sisi tunaona jibu kubwa zaidi liko karibu, pale Lwiro. Watafiti waliwafuata watu waliotibiwa utapiamlo huko wakiwa watoto, kati ya 1988 na 2007. Wakiwa watu wazima, walikutwa na mafuta ya tumboni zaidi, na sukari ya damu juu kidogo, kuliko wenzao ambao hawakupata utapiamlo. Yaani njaa ya zamani inaweza kurudi kama kitambi. Basi tuache kumcheka mama mnene, eti anakula sadaka.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni dawa. Kwa kawaida tiba ni antibiotiki mbili au zaidi na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Tangu uwanja wa ndege wa Kavumu utekwe Februari 2025, pesa ni ngumu. Mtu ananunua vidonge vya siku tatu, maumivu yakitulia anaacha. Mikrobi inabaki, tena imezoea dawa.

Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha mikrobi hata kwa mtu aliyekwisha kupona. Cha choo kinasema vizuri zaidi. Anayepimwa tumbo aombe siku hiyohiyo apimwe sukari na tansiyo, kwa sababu vidonge vya tumbo si dawa ya sukari. Na anayetapika damu, au choo chake ni cheusi kama lami, asingojee Jumapili aombewe kwanza: apelekwe hospitali, maombi yamfuate huko.