Uzee si Ugonjwa wa Injini

Mwandishi mmoja alidai juma lililopita kwamba boti za Homa Bay huzimika ziwani kwa sababu ya injini kuukuu, na kwamba sisi wa milima ya Kisii na Nyamira hayatuhusu. Yanatuhusu: samaki wa soko letu la Daraja Mbili hakupanda mlima kwa miguu. Tena uzee si ugonjwa. Injini ya boti hupozwa kwa maji ya ziwa. Gugumaji likiziba tundu la kunyonyea, hata mpya huungua. Tazama kimkondo cha maji kinachoruka nyuma: kikikatika, zima. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, sili imepitisha maji. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.