Barua ya profesa: muhuri peke yake haumpeleki kijana wa Kongo kwenye masomo ya juu

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa kumi hadi mwezi wa pili, vijana waliomaliza chuo kikuu Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani, Bukavu na Goma huanza safari moja: kutafuta barua za mapendekezo kutoka kwa maprofesa wao. Diploma wanayo, karatasi ya pointi wanayo, na wengine wameshapata hata pasipoti. Kinachobaki ni karatasi mbili au tatu ambazo mwanafunzi hapaswi kujiandikia mwenyewe, na mara nyingi ndizo zinazochelewesha faili au kulidhoofisha kabisa.

Jambo lenyewe si dogo. Programu za Erasmus Mundus, zinazolipwa na Umoja wa Ulaya, humpa mwanafunzi aliyechaguliwa euro 1,400 kwa mwezi, kwa muda unaoweza kufika miezi 24. Nyingi kati yake huomba barua mbili. Programu ya Fulbright ya Marekani huomba barua tatu. Chevening ya Uingereza huomba watu wawili wa kumtolea mwombaji ushuhuda, pamoja na saa 2,800 za kazi, sawa na miaka miwili hivi. Kwa familia iliyomsomesha mtoto kwa kuuza unga na makala sokoni, nafasi moja ya aina hiyo inaweza kubadilisha maisha ya nyumba nzima.

Swali ni hili: kwa nini vijana wenye pointi nzuri hupeleka barua zisizo na nguvu? Jibu halipo upande wa mwanafunzi tu. Lipo pia katika namna vyuo vikuu vya Kongo vinavyofanya kazi, na katika maana ambayo nchi hii imezoea kuipa karatasi yenye muhuri.

Barua si cheti cha tabia njema

Katika ofisi za Kongo, karatasi hupata uzito kutokana na muhuri na sahihi. Kuna cheti cha kuthibitisha kwamba mtu anasoma, kuna cheti cha makazi, kuna cheti cha mwenendo mzuri. Vyote vina mistari michache inayofanana, na jina la mhusika ndilo peke yake linalobadilika. Maprofesa wengi huandika barua ya mapendekezo kwa mtindo huo huo: mwanafunzi alisoma kwetu kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani, ana tabia njema, anapendekezwa kwa yeyote atakayehusika. Kisha muhuri wa kitivo, mwekundu au wa buluu, unagongwa juu ya sahihi.

Kwa kamati inayosoma mafaili huko Antwerp, London au Boston, barua hiyo haisemi lolote. Haina kosa, lakini haina habari. Kamati haitafuti uthibitisho kwamba mwanafunzi alikaa darasani, maana karatasi ya pointi imeshasema hivyo. Inatafuta mtu mwenye ujuzi wa fani hiyo aliyemwona kijana akifanya kazi na anayeweza kueleza alichokiona.

Tofauti huonekana kwa mfano. Tuseme mwanafunzi wa tiba anaomba nafasi ya kusoma afya ya umma. Barua ya kwanza inasema ni "mwenye bidii na akili". Barua ya pili inaeleza kwamba wakati wa mazoezi alipitia daftari za wagonjwa wa kipindupindu katika vituo vitatu vya afya, akagundua kwamba wagonjwa waliohamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine walihesabiwa mara mbili, akasahihisha jedwali kabla ripoti haijapelekwa kwenye eneo la afya. Hata kama barua ya pili haina neno "akili", msomaji anajua anaongelewa mtu wa namna gani.

Kuna kazi nyingine ambayo profesa wa Kongo peke yake anaweza kuifanya vizuri: kueleza pointi. Katika mfumo wa zamani, mwanafunzi aliyepata asilimia 70 alipewa daraja la distinksioni, na wengi sana walimaliza na satisfaksioni, yaani kati ya 50 na 69. Mtu aliyezoea mifumo ambamo mwanafunzi mzuri hupata 90 akiona 72 anaweza kudhani ni mwanafunzi wa kawaida. Sentensi moja ya profesa, inayosema kwamba katika darasa hilo mwaka ule ni wanafunzi wangapi walifika kiwango hicho, huondoa dhana hiyo. Sasa vyuo vimeingia katika mfumo wa LMD, ulioenezwa nchini kote kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, na walio na karatasi za mfumo wa zamani na wale wa mfumo mpya wanaomba nafasi zile zile. Maelezo hayo yamekuwa ya lazima zaidi.

Profesa asiyemjua mwanafunzi wake

Si haki kumlaumu profesa peke yake. Katika miaka ya kwanza, kozi nyingi hufundishwa mbele ya mamia ya wanafunzi katika ukumbi mmoja. Katika miji ya mikoani, kozi kadhaa hubebwa na maprofesa wageni wanaofika kwa wiki moja au mbili, wakafundisha asubuhi hadi jioni, wakatunga mtihani na kurudi walikotoka. Profesa huyo huyo anaweza kuwa na kozi katika vyuo vitatu au vinne. Kumtaka amkumbuke kijana mmoja baada ya miaka miwili ni kumtwika mzigo asioweza kuubeba.

Anayemjua mwanafunzi ni mwingine. Ni asistenti aliyesimamia mazoezi, au mkuu wa kazi, yule ambaye wanafunzi humwita CT, aliyesoma kila ukurasa wa kazi ya mwisho wa masomo na kuurudisha ukiwa na wino mwekundu. Hata hivyo mwanafunzi humruka huyo na kwenda kwa profesa ordineri, au kwa dekani, au hata kwa rekta, kwa kuamini kwamba cheo kikubwa kitafungua mlango.

Hapo ndipo hesabu inapokosewa. Barua ya rekta asiyemjua mwombaji ni dhaifu kuliko barua ya CT aliyefanya naye kazi miezi minane. Panapotakiwa kwa lazima mtu mwenye cheo cha profesa, ipo njia ya katikati: CT anamwandikia profesa msimamizi maelezo ya kina kuhusu kazi ya mwanafunzi, profesa anayathibitisha na kuandika barua, na ndani yake anasema wazi kwamba ametegemea pia ushuhuda wa msaidizi wake. Hakuna udanganyifu hapo, na kamati hupata habari inayoihitaji.

"Andika mwenyewe, nitasaini"

Maneno hayo yamezoeleka katika korido za vyuo vingi. Mwanafunzi anaambiwa aandike barua yake, ailete, isainiwe. Inaonekana kama msaada, lakini ina hatari tatu.

Ya kwanza ni ya wazi: kijana anayejisifu mwenyewe huandika maneno makubwa na mifano midogo. Hajui ni nini kilimtofautisha na wenzake, maana hakuwa upande wa anayesahihisha. Ya pili, barua mbili au tatu zilizotoka katika kalamu moja hufanana. Msomaji anayepitia mamia ya mafaili hutambua sentensi zile zile, hata makosa yale yale, na shaka inaangukia faili zima. Ya tatu ni ya kiufundi: programu nyingi hazipokei tena barua kutoka mkononi mwa mwombaji. Mfumo wa intaneti humtumia profesa kiungo kwenye barua pepe yake, naye anapakia barua mwenyewe na kujibu maswali juu ya mwombaji. Profesa asiyefungua barua pepe, au anayemkabidhi mwanafunzi nywila yake, anaweka faili hatarini.

Anwani yenyewe ni tatizo. Maprofesa wengi wa Kongo hutumia anwani za kawaida za Gmail au Yahoo kwa sababu anwani ya chuo haipo au haifanyi kazi. Baadhi ya programu hutaka anwani ya taasisi ili kuwa na hakika kwamba anayeandika ndiye kweli. Mwanafunzi hawezi kulitatua hilo. Chuo kinaweza, na gharama yake si kubwa ukilinganisha na nafasi zinazoweza kupotea.

Upande wa wasichana kuna jambo zito zaidi. Kongo nzima inajua msemo kuhusu pointi zinazopatikana kwa njia ya ngono. Barua ya mapendekezo huombwa faraghani, ofisini, na hutegemea hiari ya mtu mmoja ambaye mara nyingi ni mwanaume. Kwa hiyo inaweza kugeuzwa mtego ule ule. Sheria ya Julai 2006 kuhusu ukatili wa kijinsia inaadhibu unyanyasaji wa kingono unaofanywa na mwenye mamlaka, lakini msichana anayehitaji sahihi kabla ya Ijumaa ni nadra kwenda mahakamani. Kinga bora ni utaratibu: maombi yapite kwa maandishi kwenye sekretarieti ya kitivo, yaandikwe kwenye daftari, na barua itoke bila mwombaji kulazimika kukutana na profesa akiwa peke yake. Utaratibu huo huo ungepunguza pia malalamiko ya wanafunzi wanaosema huombwa "motisha" kabla ya sahihi.

Vita vimeongeza umbali

Mashariki mwa nchi, mambo yamekuwa magumu zaidi. Kundi la AFC/M23 liliuteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari mwaka huo. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na benki za mji zikafunga milango. Kwa profesa mgeni aliyezoea kuja kwa ndege kutoka Kinshasa, safari ya wiki moja ikawa jambo la kufikiriwa mara mbili. Familia nyingi zilitawanyika, na wanafunzi na walimu hawakubaki nyuma.

Katika hali hiyo, mwanafunzi aliyengoja hadi tarehe ya mwisho ili amtafute profesa anaweza kukuta ofisi iliyofungwa na namba ya simu isiyopatikana. Aliyeomba anwani ya barua pepe na namba ya WhatsApp siku ya kutetea kazi yake ya mwisho ana pa kuanzia. Samaki mkunje angali mbichi: uhusiano unaozaa barua nzuri huanza mwaka wa pili au wa tatu wa masomo, mwanafunzi anapouliza swali, anapojitolea kukusanya takwimu, anaporudi na kazi iliyosahihishwa kuuliza amekosea wapi.

Kinachoweza kufanywa sasa

Kwa anayeomba mwaka huu, kuna hatua ambazo hazihitaji fedha. Kwanza, kuomba mapema, angalau wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho. Pili, kuuliza swali lililo wazi: je, profesa ananifahamu kiasi cha kuniandikia barua yenye mifano? Akisita, ni heri kumshukuru na kwenda kwa mwingine, kwa sababu barua baridi ni mbaya kuliko kukosa barua ya mtu huyo. Tatu, kumpelekea faili dogo: karatasi ya pointi, wasifu, barua ya nia, maelezo ya programu, na ukurasa mmoja unaomkumbusha kazi walizofanya pamoja, kwa tarehe na matokeo. Ukurasa huo ni kumbukumbu tu. Kuandika barua kunabaki kuwa kazi ya profesa.

Nne, kugawanya ushuhuda. Barua tatu zinazosema jambo moja hazizidi barua moja. Mwanasheria kijana anaweza kumwomba profesa mmoja aongee juu ya utafiti wake, mwingine juu ya namna anavyojenga hoja, na wakili aliyemsimamia aeleze jinsi alivyofuatilia faili za wafungwa waliokaa kizuizini bila kufikishwa mbele ya hakimu. Tano, kujua lugha inayotakiwa. Barua ya Kifaransa kwa chuo cha Uingereza huhitaji tafsiri, na tafsiri huhitaji siku.

Lakini sehemu kubwa iko mikononi mwa vyuo na wizara ya elimu ya juu: anwani za barua pepe zinazofanya kazi, daftari la maombi katika kila kitivo, muda uliowekwa wa kujibu, na ruhusa rasmi kwa asistenti na CT kushiriki katika ushuhuda. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosubiri bajeti kubwa.

Nchi inahitaji wataalamu wa afya ya umma, wahandisi wa maji na wanasheria wa madini, na wengi wao watasoma nje kwa sababu nafasi za ndani ni chache. Maadamu barua inategemea bahati ya kumkuta profesa mahali fulani, nafasi hizo zitawaendea kwanza watoto wa wanaowajua maprofesa. Binti wa mama muuza makala, mwenye asilimia 74 na kazi ya mwisho iliyosifiwa na CT wake, atabaki na diploma yake mkononi.