Nani anafaidika? Vijana wa Ngokolo, tuulize!

Ndugu msomaji, pita kijiwe chochote hapa Ngokolo, hukosi kusikia: "Mambo ndivyo yalivyo, maskini hana lake." Hivi maneno hayo yanamfaa nani? Wewe mlalahoi, au kigogo?

Ukiuliza hivyo umeshaingia kwenye nadharia hakiki, yaani fikra za kuhoji. Usitishwe na jina. Zilikuzwa na wasomi wa taasisi iliyoanzishwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1923. Mwaka 1937 mmoja wao, Max Horkheimer, alisema ipo elimu ya kueleza mambo yalivyo tu, na ipo elimu ya kuhoji kwa nini yako hivyo, ili binadamu ajikomboe.

Tulete swali hilo nyumbani. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo walifukuzwa Bulyanhulu kwa jina la uwekezaji. Sheria ya Madini ya 1998 ikaweka mrabaha wa dhahabu asilimia 3. Waliohoji wakaambiwa wawekezaji watakimbia, uchumi ndivyo unavyotaka. Mwaka 2010 sheria ikasema 4. Mwaka 2017 ikasema 6. Kumbe haikuwa amri ya Mungu! Yalikuwa maandishi ya watu, na watu wakayafuta. Kitu kilichopangwa na wachache kikivishwa joho la "kawaida", wasomi wale hukiita itikadi. Sisi tunaita changa la macho.

Wala si fikra za Wazungu peke yao. Mwaka 1970, katikati ya Ujamaa, Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika juu ya matabaka nchini, wakati nyimbo zote zilikuwa za umoja.

Mwingine wa Frankfurt, Herbert Marcuse, mwaka 1964 alionya juu ya mahitaji bandia: unatamanishwa vitu mpaka unasahau kudai haki. Kijana, hesabu mikeka uliyochana mwezi huu. Nani ametajirika, wewe au mwenye kampuni ya kubashiri?

Lakini tahadhari. Kuhoji si kutukana Serikali tu. Mpinzani akipanda jukwaani, naye aulizwe: unamsemea nani, na ukishinda nani atafaidika? Gazeti hili nalo liulizwe. Anayehoji wengine asijihoji mwenyewe anauza porojo.

Kesho kijiweni mtu akisema "ndivyo ilivyo", usimjibu kwa ngumi. Muulize: nani kaipanga hivyo, na lini?