Mzigo Utasubiri: Usimsukume Muuzaji wa Pwani Kimbunga Kikitangazwa

Leo sizungumzii namna ya kupiga picha nzuri ya bidhaa wala saa nzuri ya kuposti. Natoa maoni yangu kuhusu jambo ambalo wengi wetu wa bara tunalifanya bila kujijua, na mimi nililifanya. Kaa nami mpaka mwisho.

Nipo Dutwa, Bariadi. Nauza mafuta ya nazi ya nywele na ngozi kupitia WhatsApp na Instagram. Huku kwetu ni pamba, choroko na mpunga, minazi tunaiona kwenye picha. Mzigo wangu unatoka Mafia, kwa dada mmoja wa Kilindoni anayekamua mafuta yeye na familia yake. Anapakia kwenye madumu, yanavuka maji mpaka Nyamisati au Dar es Salaam, yanapanda basi, mimi nayapokea Bariadi. Mteja haijui safari hiyo. Anaona chupa na bei basi.

Mwanzoni mwa Mei 2024 nilikuwa na oda 14 zimeshalipwa. Hela ya wateja nimeshaituma Kilindoni, nasubiri mzigo. Ndipo Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ikaanza kutoa taarifa kwamba kuna kimbunga kimejitengeneza baharini mashariki mwa Mtwara, kinaitwa Hidaya, na kinasogea pwani yetu. Mikoa ya Mtwara, Lindi, Pwani pamoja na Mafia, Dar es Salaam, Tanga na visiwa vya Unguja na Pemba ikaambiwa ijiandae kwa upepo mkali, mvua kubwa na mawimbi makubwa.

Mimi niliisikia taarifa hiyo. Unajua nilichofikiria kwanza? Madumu yangu.

Nikampigia dada yangu. Akaniambia, "Mdogo wangu, huku bahari imechafuka. Boti hazina uhakika. Tumeambiwa tusivuke." Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayedaiwa, "Dada, wateja wananisumbua. Hakuna hata jahazi la mwisho? Watanirudishia maneno mtandaoni." Akanyamaza kidogo. Halafu akasema lipo jahazi moja linataka kuondoka Ijumaa, labda mwanawe wa kiume asindikize mzigo. Nikasema, "Basi fanya hivyo dada, utakuwa umeniokoa."

Ijumaa nahodha akagoma kuondoka. Alisema kwa bahari ile hatoi chombo, anayetaka hela yake arudishiwe. Mtoto akarudi nyumbani na madumu.

Jumamosi Mei 4 kimbunga kikafika Mafia. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilikuwa zimesimamisha safari. Kule Kilwa mvua ilikata barabara kuu ya kusini eneo la Somanga, magari ya Lindi na Mtwara yakakwama kwa siku kadhaa. Mimi Dutwa nilikuwa napiga simu haipatikani. Usiku kucha nawaza yule kijana. Ningemwambia nini mama yake kama nahodha asingekuwa na msimamo? Kwamba nilikuwa na oda 14?

Jumatatu dada akapatikana. Wazima wote. Bati za jiko la mama yake zimeondoka, magunia mawili ya mbata yamelowa. Hakunilaumu hata neno moja. Ndiyo maana inaniuma mpaka leo.

Maoni yangu ni haya: kumwandaa mtu wa pwani kwa ajili ya kimbunga si kazi ya TMA, mtendaji wa kijiji na kamati ya maafa peke yao. Mtu anayesubiri mzigo naye yumo. Unaweza kumtangazia mtu tahadhari mara kumi kwa spika, lakini simu moja ya mteja mwenye hela ikamtoa nyumbani. Sisi ndio hiyo simu.

Najua kuna atakayesema, "Mbona Hidaya ilipungua nguvu ilipofika nchi kavu? TMA walitutisha tu." Hapana ndugu yangu. Mwaka 2021 kimbunga Jobo nacho kilipungua nguvu kabla ya kutufikia, na watu wakaanza kuzoea kusema "vinapitaga tu". Lakini Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara yetu. Kule walikufa watu zaidi ya 40. Ukirudi nyuma zaidi, Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Aprili 1872 kingine kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu na minazi mashamba kwa mashamba, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa mama wa karafuu. Hata ramani ya biashara inaweza kubadilika kwa upepo wa siku moja.

Vimbunga kwetu ni vichache kwa sababu tupo karibu na ikweta, na karibu na ikweta upepo haupati mzunguko wa kutosha kujisokota. Vingi vinaishia Madagaska na Msumbiji. Uchache huo ndio hatari yenyewe, maana watu wengi wa pwani hawajawahi kukiona, hawana mazoea nacho. Maandalizi ya kitu kilichopungua nguvu si hasara. Ni sawa na kufunga kamba mzigo juu ya basi halafu basi lisipinduke. Hakuna anayeilaumu kamba.

Sasa tufanye nini sisi wauzaji? Haya ndiyo ninayoyafanya siku hizi.

1. Nafuatilia TMA yenyewe, si stetas za watu. Wana ngazi tatu: angalizo ni rangi ya njano, tahadhari ni rangi ya machungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Ikiwa angalizo, naanza kuongea na wateja. Ikifika rangi ya machungwa kwenye eneo la msambazaji wangu, oda za huko nafunga. Video za mawimbi za nchi nyingine wala sisambazi. Zinatisha watu bure, halafu taarifa ya kweli ikija hawaiamini.

2. Namtumia msambazaji ujumbe mapema, tena wa maandishi, auone na watu wake: "Dada, mzigo utasubiri. Usiende bandarini kwa ajili yangu wala usimtume mtoto. Angalia familia kwanza." Usingoje akuombe ruhusa. Watu wa pwani wana aibu ya kukataa, hasa akiwa ameshapokea hela yako. Mtoe kwenye huo mtego wewe.

3. Kama ninadaiwa, nalipa kabla upepo haujafika. Hili wengi hatulifikirii. Siku za kimbunga umeme unaweza kukatika, mtandao ukayumba, wakala akafunga au akaishiwa hela. Hela utakayotuma Jumapili haitamsaidia mtu aliyetakiwa kukodi bajaji Ijumaa amhamishe mama yake kutoka nyumba ya ufukweni. Hela hiyo ndiyo unga, maji, betri za tochi na dawa za presha. Na kama yeye ndiye mwenye deni langu, huo si wakati wa kudai.

4. Wateja nawaambia ukweli. Mei ile nilidanganya kwamba mzigo upo njiani. Sasa naandika hivi: "Mteja wangu, mafuta yanatoka Mafia na huko kuna tahadhari ya kimbunga. Mzigo utachelewa na tarehe sijui bado. Ukitaka hela yako nakurudishia leo, ukiweza kusubiri nakushukuru." Hata kwenye zile oda 14, nilipokuja kusema ukweli ni watatu tu waliotaka hela. Waliobaki waliniuliza hali ya yule dada. Nilikuwa namsukuma mtu baharini kwa hofu ya wateja ambao wala hawakuwa wakali hivyo.

5. Siuzi mzigo ambao bado uko ng'ambo ya maji kuanzia Machi mpaka Mei. Hiyo ni masika, na vimbunga nilivyovitaja vyote viliangukia Aprili na Mei. Kipindi hicho naweka akiba ya madumu mawili stoo. Mtaji unalala kidogo, lakini mimi nalala vizuri.

Na ninyi wauzaji mlioko pwani, Mafia, Kilwa, Lindi, Mtwara, Bagamoyo, Pangani na visiwani, naomba niseme na ninyi kidogo kama mdogo wenu. Tahadhari ikitoka, inua mzigo juu ya meza au dari, funga kwenye nailoni. Daftari la madeni lipige picha, umtumie ndugu aliye bara. Chaji simu na pawabenki mapema. Bati zilizolegea zigongee misumari. Chombo kivutwe juu kabisa, si kutiwa nanga tu. Mjue mapema shule au msikiti upi uko sehemu ya juu, na nani atambeba bibi.

Usilale dukani kulinda mali. Bahari ikipanda juu pamoja na mawimbi, maji yanaingia usiku bila kupiga hodi, na maji ndiyo huua wengi kuliko upepo wenyewe. Upepo ukitulia ghafla usikimbilie nje kuangalia chombo. Inawezekana ni jicho la kimbunga linapita, na upande wa pili unakuja na nguvu ileile. Subiri taarifa. Kikiisha, usikanyage waya ulioanguka, usivuke barabara yenye maji yanayotembea, na maji ya kisima chemsha kabla ya kunywa.

Jambo moja la mwisho kwa wote. Kimbunga kikitangazwa, kuna wenzetu wanapandisha bei ya mishumaa, maturubai na maji. Hiyo siyo akili ya biashara. Watu wanakumbuka nani aliwakamua siku ya shida, na hiyo kumbukumbu haifutiki kwa ofa ya sikukuu.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, hawakusema tahadhari baada ya oda kuisha. Kutoka Dutwa mpaka Kilindoni ni zaidi ya kilomita 1,000, lakini simu yangu ilifika kwa sekunde moja na ilikaribia kumtoa kijana wa watu. Simu hiyohiyo ingeweza kumwambia abaki nyumbani.

Kwa hiyo fanya zoezi moja leo, kabla hata ya tahadhari yoyote. Fungua simu yako, andika ni msambazaji gani, mteja gani au dereva gani wako yupo kando ya bahari. Mwandikie tu: "Siku TMA wakitoa tahadhari, mzigo wangu usikusumbue." Haikugharimu kitu, na yeye hatasahau.

Wa pwani mliopitia Hidaya, niandikieni kwenye komenti ni kitu gani mngependa sisi wa bara tuwe tumekifanya. Nitasoma zote. Mtumie post hii muuzaji mwenzako anayesubiri mzigo.